Kulipunguzia Goti Mzigo Wake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kazi za Fundi na Hesabu Zake

(Somo hili limepigwa chapa kama lilivyosemwa redioni, ili lisomwe tena darasani. Wanafunzi wawili wasome kwa sauti, mmoja awe Mwalimu na mmoja awe Mwanafunzi. Maneno mapya na maswali yako mwisho.)

1. Mizani ya dukani

MWALIMU: Kila mtu na awe na daftari na kalamu mbele yake, kwa kuwa leo tutasoma, na tena tutapiga hesabu. Pamoja nami yuko mwanafunzi wa darasa la jioni. Yeye atauliza maswali kwa niaba yenu.

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, ndugu yangu. Haya, tuanze mahali tunapopajua sote, dukani. Mwenye duka ana mizani ya sahani mbili. Katika sahani ya kushoto ameweka jiwe la kilo 1. Katika sahani ya kulia amemimina sukari mpaka sahani zimekuwa sawa. Sasa ukiiinua sahani ya sukari kwa kidole kimoja, yapanda. Je, sukari imekuwa nyepesi?

MWANAFUNZI: Hapana. Sukari ni kilo 1 ile ile.

MWALIMU: Vema. Basi kwa nini kidole kimoja chatosha?

MWANAFUNZI: Kwa sababu jiwe la upande wa pili linaibeba.

MWALIMU: Hilo ndilo neno. Jiwe linabeba, kidole kinaongoza tu. Uzito haukuondoka, bali umepata mbebaji mwingine. Watu wameitumia kanuni hii tangu zamani sana. Wakulima wa kando ya mto Nile, huko Misri, waliteka maji kwa mti mrefu uliolazwa juu ya egemeo. Mti huo huitwa shadufu. Ncha moja ina ndoo, na ncha ya pili ina donge zito la udongo au jiwe. Mkulima huivuta ndoo tupu chini mtoni, na lile donge humsaidia kuipandisha ikiwa imejaa. Leo tutaipeleka kanuni hiyo katika karakana ya chuma.

2. Mashini yenye goti

MWALIMU: Wengi wenu mmeiona mashini ya kukereza. Humo chuma kinachochongwa chazunguka, na kisu kimetulia. Sasa kuna mashini nyingine, yaitwa mashini ya milingi. Yenyewe ni kinyume. Kisu chenye meno mengi ndicho kizungukacho, na chuma kimefungwa juu ya meza. Meza yasogezwa polepole, na meno yachonga.

MWANAFUNZI: Na hilo goti liko wapi, Mwalimu?

MWALIMU: Piga picha moyoni. Kuna nguzo nene ya chuma imesimama wima. Mbele ya nguzo limetokeza pande kubwa la chuma, mfano wa goti la mtu aliyeketi kitini. Ndiyo maana laitwa goti. Juu ya goti kuna meza. Juu ya meza kuna jiliwa, na katika jiliwa imebanwa kazi. Goti lateleza juu na chini katika njia zilizochongwa kwenye nguzo. Likipanda, kila kilicho juu yake chapanda pamoja nalo.

Mashini ya namna hii iliundwa na Joseph R. Brown, wa mji wa Providence huko Marekani, mwaka 1862. Kabla ya hapo mafundi walikuwa wakichonga mifereji ya keekee kwa tupa, kwa mkono, mmoja mmoja. Mwaka 1936 fundi mwingine, Rudolph Bannow, alichora mashini ya milingi iliyokuja kuwa mashuhuri mno. Ya kwanza iliuzwa mwaka 1938. Iliundwa katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, nayo ikaitwa kwa jina la mji huo. Baadaye ziliundwa pia Uingereza, katika mji wa Leicester.

Viwanda vilipobadili mashini zao, au vilipofungwa, nyingi za mashini hizo ziliuzwa kwa watu binafsi. Ndiyo maana leo utazikuta katika karakana za nyumbani, pengine mahali palipojengwa kwa ajili ya motokaa. Kiwandani kulikuwa na wafanyakazi wengi. Nyumbani fundi ni mmoja. Anafanya kazi jioni, mara nyingi peke yake, na pengine ni mtu aliyekwisha kustaafu. Bega lake si la kijana tena. Kwake yeye, somo hili si la hesabu tu.

3. Mizunguko 160

MWALIMU: Sasa kalamu mkononi. Goti la mashini ya Bridgeport ya kawaida lasafiri inchi 16, yaani milimita 406 hivi, toka chini hata juu. Linapandishwa kwa mkono wa kuzungushia ulio mbele. Mkono ukizunguka mara moja, goti lapanda inchi 0.1. Je, fundi atazungusha mara ngapi kulipandisha toka chini hata juu?

MWANAFUNZI: Nagawanya 16 kwa 0.1. Nakuta 160.

MWALIMU: Sawasawa. Mizunguko 160. Wala si jambo la mara moja. Fundi akitoa kisu kifupi na kutia keekee ndefu, hana budi kulishusha goti. Akirudisha kisu, alipandishe tena. Na kila mzunguko wa kupanda wainua goti, meza, jiliwa na kazi, vyote pamoja.

MWANAFUNZI: Lakini Mwalimu, mkono huo si unazungusha parafujo? Nasi tulijifunza kwamba parafujo humsaidia mtu, kama katika jeki ya motokaa.

MWALIMU: Umesema kweli. Parafujo husaidia sana, la sivyo mtu mmoja asingeweza kuliinua goti hata kidogo. Lakini parafujo hiyo imefanywa hivi, kwamba ukiuachilia mkono, goti halishuki lenyewe. Msuguano wa meno ya parafujo na nati ndio unaolizuia. Hilo ni jema, maana ni usalama. Ila lina gharama yake. Parafujo isiyorudi yenyewe chini ya mzigo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yako katika msuguano, wakati wa kupandisha. Ukitia nguvu za shilingi 10, hazifiki hata za shilingi 5 kwenye goti.

Tena sikiliza hili. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito, ndivyo meno ya parafujo yanavyobanwa, na ndivyo msuguano unavyozidi. Kwa hiyo mzigo mzito wamchosha fundi mara mbili: kwa uzito wake wenyewe, na kwa msuguano unaouleta. Na meno yale yalika mwaka hata mwaka.

MWANAFUNZI: Basi tukiupunguza mzigo ulio juu ya parafujo, mkono utapona, na parafujo pia itapona.

MWALIMU: Ndivyo hasa. Na kupunguza huko hakuna maana ya kuchonga goti liwe jembamba. Maana yake ni kulitafutia mbebaji mwingine, kama lile jiwe la dukani.

MWANAFUNZI: Je, fundi asifunge mota ya umeme izungushe badala yake?

MWALIMU: Aweza, na wengi hufanya hivyo. Mota itauponya mkono. Lakini parafujo itaendelea kubeba mzigo wote, na kulika kama kwanza. Mbebaji wa pili aponya vyote viwili. Hata mwenye mota afaidika, maana mota ndogo yamtosha.

4. Usiuondoe mzigo wote

MWALIMU: Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Tuseme goti pamoja na meza vina uzito wa kilo 240. Ndugu yangu, wewe ungeweka uzito wa kilo ngapi upande wa pili?

MWANAFUNZI: Kilo 240, Mwalimu, ili sahani ziwe sawa.

MWALIMU: Karibu kila mtu hujibu hivyo, na dukani jibu hilo ni sahihi. Lakini katika mashini hii litaharibu kazi. Nitaeleza kwa nini.

Hakuna parafujo inayoshika nati yake pasipo nafasi hata kidogo. Daima kuna ulegevu mdogo kati ya meno na meno, na katika mashini ya zamani ulegevu huo ni mkubwa zaidi. Lakini goti ni zito, nalo lakandamiza chini saa zote. Kwa hiyo meno ya parafujo yameegemea upande mmoja tu wa meno ya nati, usiku na mchana. Ulegevu upo, ila hauonekani. Fundi akizungusha alama 2 kushuka, goti lashuka alama 2, kwa kuwa uzito wake walivuta.

Sasa mwondolee goti uzito wote. Fundi azungusha mkono kushuka, na goti halimfuati. Limening'inia pale pale, limeshikwa na msuguano wa njia zake. Parafujo yapita katika ulegevu. Kisha goti laanguka ghafla, kwa upana wa unywele au zaidi. Kipimo kimeharibika.

Na kuna jambo la pili, baya kuliko hilo. Visu vingi vya mashini hii vina mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara. Visu hivyo vinapokata, huivuta kazi juu. Goti likiwa zito, halitingishiki. Lakini goti lisilo na uzito litarukia juu kwenye kisu, kadiri ya ule ulegevu. Kisu kitakula chuma kingi kuliko kilichoamriwa. Kazi itaharibika, na pengine kisu kitavunjika mbele ya uso wa fundi.

MWANAFUNZI: Kumbe ule uzito tuliouona ni adui una kazi yake.

MWALIMU: Ndiyo. Uzito wa goti ni mlinzi wa kipimo. Basi tutamwacha mlinzi, ila tutampunguza. Kanuni ya kushika ni hii: beba theluthi mbili, acha theluthi moja. Theluthi mbili za 240 ni ngapi?

MWANAFUNZI: 240 gawanya kwa 3 ni 80. Mara 2 ni 160.

MWALIMU: Basi mbebaji wa pili atabeba kilo 160, na parafujo itabakiwa na kilo 80. Akiongeza jiliwa la kilo 30 na kazi ya kilo 40, parafujo itabeba 80 na 30 na 40, yaani kilo 150. Pasipo msaada ingebeba kilo 310.

MWANAFUNZI: Mwalimu, katika majumba marefu kuna lifti, nazo zina uzito wa upande wa pili. Je, nazo huachiwa theluthi?

MWALIMU: Swali zuri. La, lifti ni kinyume. Kwa kawaida uzito wake huzidi uzito wa chumba kitupu, kwa kadiri ya asilimia 40 hata 50 ya mzigo wa watu kinaoweza kuchukua. Huko mota na breki ndizo zinazoshika, na kusudi ni kuipunguzia mota kazi, watu wakiwa wengi au wachache. Katika mashini yetu kusudi ni lingine. Twataka goti liegemee chini daima, hata meza ikiwa tupu. Kwa hiyo pimeni mzigo ukiwa mwepesi kabisa, bila jiliwa wala kazi.

5. Kupima uzito wa goti

MWANAFUNZI: Atapimaje? Goti halitoki kwenye mashini.

MWALIMU: Halina haja ya kutoka. Achukue mizani mbili za kupimia uzito wa watu. Aziweke juu ya kitako cha mashini, moja kushoto kwa parafujo na moja kulia. Juu ya kila mizani asimamishe gogo la mti lililokatwa sawasawa, vichwa vyake viwe tambarare. Alegeze vifungo vya goti. Kisha alishushe goti polepole mpaka likae juu ya magogo yote mawili. Aendelee kidogo tu. Mara mkono wa kuzungushia utakuwa mwepesi mno, kwa kuwa sasa goti lalala juu ya magogo, si juu ya parafujo. Hapo asome mizani zote mbili, ajumlishe, na kutoa uzito wa magogo. Kama moja yasema 130 na ya pili 114, na kila gogo lina kilo 2?

MWANAFUNZI: 130 na 114 ni 244. Natoa 4. Jibu ni 240.

MWALIMU: Vizuri. Asitie mkono chini ya goti kwa sababu yo yote wakati huo. Tena atazame kwanza ukomo wa mizani ulioandikwa, asije akaivunja. Msuguano wa njia waweza kudanganya kidogo, kwa hiyo apime mara tatu na kuchukua hesabu ya katikati.

6. Njia ya kwanza: uzito na roda

MWALIMU: Mbebaji wa kwanza ni uzito unaoning'inia. Minyororo miwili yafungwa kwenye goti, mmoja kila upande. Yapanda juu, yapita katika roda, na kushuka nyuma ya nguzo, ambako uzito umening'inizwa. Watu wa pwani wanaijua roda. Ndiyo inayopitisha kamba ya kupandishia foromali la jahazi. Goti likipanda inchi 1, uzito washuka inchi 1.

Uzito wenyewe waweza kuwa chuma, au zege lililomiminwa katika bomba. Lita 1 ya chuma ina kilo 7.8 hivi. Lita 1 ya zege ina kilo 2.4 hivi. Kwa kilo 160, chuma kisicho na nafasi ndani yake ni lita 20 na nusu, karibu debe moja. Zege ni lita 67, yaani zaidi ya madebe matatu. Kwa hiyo mwenye nafasi ndogo achague chuma.

MWANAFUNZI: Na boriti ya kufungia roda, yabeba kilo 160?

MWALIMU: La! Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mnyororo wavutwa na uzito upande huu kwa kilo 160, na wavutwa na goti upande ule kwa kilo 160. Roda iko katikati, nayo yabeba pande zote mbili. 160 na 160 ni?

MWANAFUNZI: 320.

MWALIMU: Kilo 320. Basi fundi asifunge roda kwenye dari ya nyumba. Aunde fremu ya chuma inayosimama sakafuni au kwenye mashini yenyewe, yenye nguvu mara kadhaa ya hizo 320.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Umewahi kuvuta droo ya kabati kwa pembe moja tu?

MWANAFUNZI: Nimewahi. Yakwama.

MWALIMU: Goti nalo hukwama vivyo hivyo likivutwa mahali pasipofaa. Uzito wake uko mbele, mbali na nguzo. Minyororo ikifungwa karibu sana na nguzo, haiinui pale ulipo uzito, na njia zabanwa. Minyororo ikisogezwa mbele, yagongana na meza. Katika mashini nyingi za milingi hii ni taabu ya kweli. Ndiyo maana wenye karakana za nyumbani wengi huchagua njia ya pili.

7. Njia ya pili: springi za gesi

MWALIMU: Mmeiona motokaa ambayo mlango wake wa nyuma, ukiinuliwa kidogo, wapanda wenyewe na kubaki juu. Kuna vijiti viwili vinavyousukuma. Hivyo ni springi za gesi. Ndani ya bomba mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi. Springi mbili kama hizo, zilizo kubwa zaidi, zaweza kusimamishwa kati ya kitako cha mashini na goti, moja kila upande wa parafujo. Zasukuma toka chini, karibu na mahali ulipo uzito. Hakuna roda, wala boriti, wala kitu kinachoning'inia.

MWANAFUNZI: Basi tununue mbili, kila moja ya kilo 80.

MWALIMU: Ngoja kwanza. Nguvu ya springi huandikwa kwa niutoni. Kwa hesabu ya haraka, niutoni 10 ni sawa na kilo 1. Kilo 80 ni niutoni 800. Lakini nguvu ya springi ya gesi si moja saa zote. Ikikunjwa, gesi yabanwa zaidi, nayo yasukuma zaidi. Tuseme yazidi kwa asilimia 30. Goti likiwa juu, kila springi yasukuma 800. Goti likiwa chini, springi zimekunjwa, kila moja yasukuma ngapi?

MWANAFUNZI: Asilimia 30 ya 800 ni 240. Jumla 1,040. Springi mbili ni niutoni 2,080, yaani kilo 208.

MWALIMU: Toa katika 240.

MWANAFUNZI: Zabaki kilo 32 tu.

MWALIMU: Umeona? Mlinzi wa kipimo amebaki mnyonge. Jaribu springi za niutoni 600.

MWANAFUNZI: Goti likiwa juu, 600 na 600 ni 1,200, yaani kilo 120. Likiwa chini, kila moja ni 780. Mbili ni 1,560, yaani kilo 156. Zabaki kilo 84.

MWALIMU: Hizo ndizo zifaazo. Basi andikeni: springi ipimwe ikiwa imekunjwa, si ikiwa imenyooka. Tena tazameni urefu. Springi inayosafiri milimita 406 haiwezi kukunjika ikawa fupi kuliko milimita 406. Kama chini ya goti hapana nafasi hiyo, fundi atasimamisha springi ubavuni mwa goti, juu ya vishikizo vilivyotokeza, zote mbili kwa kadiri moja.

8. Mambo ya hatari

MWALIMU: Sasa sikilizeni kwa makini, maana vidole havioti tena. Nitayasoma polepole, muandike.

Kwanza. Kabla ya kufunga cho chote, goti lishushwe likae juu ya magogo imara. Mtu asitie mkono wala kichwa chini yake.

Pili. Uzito unaoning'inia upite ndani ya sanduku au bomba lililosimama, lenye kitako kigumu. Mnyororo ukikatika, goti halitaanguka, kwa kuwa parafujo yalishika. Kitakachoanguka ni uzito. Kilo 160 hazimwulizi mtu mguu wake uko wapi.

Tatu. Springi ya gesi isitobolewe, isichomelewe, wala isitiwe motoni, hata ikiwa imechoka.

Nne. Kabla ya kuivua meza au parafujo kwa matengenezo, uondoeni kwanza uzito, au zitoeni springi. Hapo goti likiwa jepesi kuliko mbebaji wake, na parafujo haipo ya kulishika, litaruka juu.

Tano. Kila ukimaliza kupanga goti, lifunge kwa kifungo chake kabla ya kukata. Na kila ukitaka kulisogeza, kilegeze kwanza.

MWANAFUNZI: Na mwenye mota, Mwalimu?

MWALIMU: Mwenye mota na uzito wa kuning'inia akumbuke kwamba vyote vinakwenda. Kilo 240 za goti na kilo 160 za uzito ni kilo 400. Vitu vizito havipendi kushtushwa. Mota ianze polepole na isimame polepole.

9. Kujaribu kazi

MWALIMU: Kazi ikiisha, fundi asiseme kwa macho tu kwamba imefaulu. Apime. Jaribio la kwanza: aitie mizani ya ndoano kwenye mkono wa kuzungushia, avute, na kuandika namba, kabla na baada ya matengenezo. Namba ya pili yapasa kuwa ndogo sana.

Jaribio la pili ndilo kubwa zaidi. Aweke saa ya kupimia, ile yenye mshale, iguse meza. Azungushe mkono kushuka alama 2. Mshale nao uende alama 2, papo hapo. Ukichelewa kisha ukaruka, njia zimebana mno, au uzito ulioondolewa umezidi. Afanye hivyo goti likiwa chini, likiwa katikati, na likiwa juu. Kama mshale wachelewa goti likiwa chini tu, na springi ni za gesi, basi springi zina nguvu mno.

MWANAFUNZI: Mwalimu, nimeelewa. Namba ya kwanza yaonyesha mkono umepona, na mshale waonyesha kazi haikuharibika.

MWALIMU: Naam. Fundi aliyetazama moja tu kati ya hizo mbili hajamaliza kazi yake. Wasikilizaji, sasa funikeni kitabu, mmoja wenu amweleze jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini tunaacha theluthi. Akiweza, somo limeingia. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.

MWANAFUNZI: Kwaheri, Mwalimu.

Maneno ya kujifunza

Goti: pande la mashini ya milingi linalobeba meza na kupanda au kushuka kwenye nguzo.
Jiliwa: chombo cha kubania kazi.
Parafujo: chuma chenye meno yanayozunguka, kinachoingia katika nati.
Msuguano: ukinzani wa vitu viwili vinavyogusana na kusogea.
Ulegevu: nafasi ndogo kati ya meno ya parafujo na ya nati.
Roda: gurudumu dogo lenye mfereji wa kupitishia kamba au mnyororo, huitwa pia kapi.
Niutoni: kipimo cha nguvu.

Maswali ya kujipima

1. Goti likipandishwa inchi 5, mkono utazungushwa mara ngapi?
2. Goti na meza vina kilo 180. Theluthi mbili ni kilo ngapi? Parafujo itabakiwa na kilo ngapi?
3. Uzito unaoning'inia ni kilo 120. Fremu ya roda yabeba kilo ngapi?
4. Springi mbili za niutoni 500 zikikunjwa, nguvu yazidi kwa asilimia 30. Zote mbili zabeba kilo ngapi?
5. Kwa nini uzito wa goti huitwa mlinzi wa kipimo? Andika sentensi tatu.

Majibu: 1. Mara 50. 2. Kilo 120, kilo 60. 3. Kilo 240. 4. Kilo 130. Jibu la 5 lisomwe mbele ya darasa.